Montenegro: maswali mnayouliza kila mara, na majibu yake

Kila nikiandika kitu kuhusu nchi za Balkani maswali yanayorudi ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa sehemu moja. Nimeanza na ya msingi, ya kichokozi yako chini. Nikikwambia angalia swali fulani basi liangalie kweli, maana sirudii kitu mara tatu.

## Ya msingi

Hivi Montenegro ni nchi kamili au kipande cha Serbia?

Nchi kamili. Ina kiti chake Umoja wa Mataifa tangu tarehe 28 Juni 2006, mwanachama wa 192. Mnaochanganya siwalaumu, maana kuanzia 1918 mpaka 2006 ilikuwa imefichwa ndani ya nchi nyingine zenye majina yanayobadilika kila baada ya muda, mara Ufalme wa Yugoslavia, mara Yugoslavia ya Tito, mara Serbia na Montenegro, na ukiangalia ramani za shule za zamani huioni kabisa. Lakini kabla ya hapo ilikuwa dola yenye mfalme wake, bendera yake na mabalozi wake, na hiyo ndo sababu wenyewe wakizungumzia 2006 wanasema wamerudishiwa nchi yao.

Iko wapi hasa?

Kusini mashariki mwa Ulaya, ukingoni mwa bahari ya Adriatiki, ng'ambo ya maji kutoka Italia. Imepakana na Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Kosovo na Albania. Pwani yake ni kilomita 293 hivi ukifuata kona zote.

Ni ndogo kiasi gani?

Kilomita za mraba 13,812, yaani ukichukua mkoa wa Kilimanjaro peke yake unakaribia kuipata nchi nzima. Watu ni wachache zaidi ya unavyodhani, sensa ya 2023 ilihesabu 623,633. Halafu karibu theluthi wanaishi manispaa moja tu ya Podgorica, kwa hiyo ukipanda kaskazini unaendesha gari mwendo mrefu unakutana na kondoo tu.

Mji mkuu ni Podgorica au Cetinje?

Podgorica ndo mji mkuu wa kazi, bunge na wizara ziko huko. Cetinje ni mji mkuu wa zamani wa kifalme na katiba yenyewe inautaja kwa heshima hiyo, makazi rasmi ya rais yako huko.

Podgorica watu wanaisema vibaya kwamba haina sura, na kweli ukitegemea majumba ya kale utasikitika, ila mjue ilipigwa mabomu zaidi ya mara 70 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kilichobaki kilikuwa vifusi. Ikajengwa upya kwa zege la enzi ya Tito na ikaitwa Titograd kuanzia 1946 mpaka 1992. Cetinje ndo ya kutembelea. Ni kamji kadogo juu milimani ambako baada ya 1878 mataifa makubwa yalijenga balozi zao, Urusi, Uingereza, Ufaransa, Italia, Austria, na majengo hayo yamebaki mpaka leo yakiwa makubwa kuliko mji wenyewe. Jengo la Wafaransa lina urembo wa ajabu, na wenyeji husimulia kwamba ramani yake ilikuwa ya Cairo ikapotea njia kwenye posta, hadithi tu hiyo lakini ukiliona jengo unaielewa.

## Milima, maji na joto

Kwani nchi nzima ni milima?

Karibu nzima. Kilele cha juu kabisa ni Zla Kolata, mita 2,534, kwenye milima ya Prokletije mpakani na Albania. Watu wengi huitaja Bobotov Kuk ya Durmitor, mita 2,523, kwa sababu ndo maarufu na ndo ipo ndani kabisa ya nchi.

Kitu cha kuelewa ni aina ya mawe. Upande wa pwani milima ni chokaa tupu, mvua ikinyesha maji hayakai juu, yanazama kwenye nyufa yanatokea mbali huko chini kwenye ghuba au kwenye ziwa. Ndo maana kuna kituko hiki: kijiji cha Crkvice, juu ya ghuba ya Kotor, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Ulaya, zaidi ya milimita 4,500 kwa mwaka, lakini watu wa milima hiyo hiyo miaka yote wamehangaika na maji wakichimba visima vya kukinga mvua ili wapate ya kunywa kiangazi. Ardhi ya kulima nayo ni vishimo vishimo vilivyojaa udongo katikati ya miamba, familia inalima viazi kwenye kipande kama uwanja wa netiboli. Weka hii kichwani, utaihitaji kwenye historia.

Ghuba ya Kotor ni fjord?

Hapana, ingawa mabango ya watalii yanapenda kusema hivo. Fjord huchimbwa na barafu. Hii ni korongo la mto wa zamani lililozama bahari ilipopanda. Ila kwa uzuri haidaiwi na mtu, milima inapanda wima toka majini na miji ya Kotor na Perast imebanwa chini yake.

Venisi walitawala hapa kuanzia 1420 mpaka 1797, ndo maana majengo yana sura ya Kiitaliano. Mbele ya Perast kuna kisiwa chenye kanisa ambacho kimetengenezwa na watu kwa kuzamisha mawe na meli mbovu, na kila tarehe 22 Julai jioni wenyeji bado wanakokota mashua zao kwa msururu wakamwage mawe pale. Kotor iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, mwaka ule ule tetemeko la tarehe 15 Aprili lilipoibomoa pwani na kuua watu 101 Montenegro na 35 upande wa Albania. Mji mkongwe unaouona leo umekarabatiwa sana.

Lile daraja la mto Tara lina hadithi gani?

Korongo la Tara linafika kina cha mita 1,300, ni miongoni mwa makorongo yenye kina kirefu kabisa Ulaya. Daraja lenyewe, Đurđevića Tara, lilijengwa kati ya 1937 na 1940, matao matano ya zege, lilikuwa fahari kweli kweli. Vita vikaja, Waitalia wakaikalia nchi, na mwaka 1942 wapiganaji wa msituni wakaamua daraja lazima likatwe. Aliyewasaidia kujua pa kuweka baruti ni injinia Lazar Jauković, mmoja wa walioshiriki kulijenga. Wakalipua tao moja tu dogo pembeni, linaloweza kurudishwa vita vikiisha. Waitalia wakamkamata wakamuua hapo hapo darajani Agosti 1942. Daraja likarudishwa baada ya vita na leo vijana wanalipa pesa waruke kwa kamba juu yake, sanamu ya Jauković ipo pale pembeni, wengi wanaipita bila kusoma.

Baridi au joto?

Vyote. Podgorica ni tanuri kiangazi, Agosti 2007 ilipimwa nyuzi 44.8. Mwezi huo huo ukipanda Žabljak, mji wa milimani kaskazini, unatafuta sweta. Desemba Žabljak ni theluji na watu wanateleza.

Ziwa Skadar ni lao au la Albania?

Wanagawana, sehemu kubwa iko Montenegro. Ndo ziwa kubwa kuliko yote rasi ya Balkani, na ukubwa wake unabadilika kwa majira, masika linameza mashamba. Kuna mwari wakubwa wenye manyoya ya kujikunja kichwani, ndege adimu. Kusini zaidi, Ulcinj, kuna mashamba ya zamani ya chumvi yaliyoacha kufanya kazi 2013 ambayo yamekuwa kituo cha ndege wanaosafiri kati ya Ulaya na Afrika, heroe wapo kibao. Watu walitaka kujenga hoteli pale, wenye kupenda ndege wakapiga kelele miaka mpaka eneo likatangazwa hifadhi 2019.

## Historia

Ni kweli Waturuki hawakuwahi kuishinda?

Nusu kweli. Waturuki wa Osmani waliiteka Cetinje zaidi ya mara moja na kuichoma moto, ila kukaa ndo ilikuwa shida. Rudi kwenye swali la milima: hakuna maji, hakuna chakula, ukileta jeshi dogo linapigwa kwenye vichochoro vya mawe, ukileta kubwa linakufa njaa, na kodi ya kukusanya pale haifikii hata gharama ya baruti. Kwa hiyo kwenye karatasi ilikuwa sehemu ya himaya, kwa vitendo watu wa milimani walijitawala. Mwaka 1796 Kara Mahmud, gavana wa Shkodër, alikuja kwa nguvu zote, akapigwa mara mbili mwaka huo huo, mara ya pili akakatwa kichwa, na fuvu lake wakalihifadhi Cetinje.

Ila msibebwe na zile simulizi kwamba ni kisiwa cha mashujaa peke yao. Nchi ya wakati huo ilikuwa vijiji vya milimani tu. Bar, Ulcinj, Podgorica, Nikšić vilikuwa mikononi mwa Waturuki mpaka miaka ya 1877 hadi 1880, Kotor ilikuwa ya Venisi halafu ya Austria mpaka 1918. Yaani bahari inayowapa pesa zote za utalii leo wameipata juzi juzi.

Kwa nini walitawaliwa na maaskofu?

Ukoo wa Crnojević, waliohamishia makao Cetinje mwaka 1482 na ambao mtambo wao wa chapa ulitoa mwaka 1494 kitabu cha kwanza cha maandishi ya Kisirili (herufi kama za Kirusi) kwa Waslavi wa kusini, waliondoka 1496. Bila mfalme, kilichobaki cha kuziunganisha koo zinazochinjana kilikuwa kanisa, basi askofu wa Cetinje, wanamwita vladika, akawa mwamuzi, baadaye mtawala. Kuanzia 1697 cheo kikakaa kwenye ukoo mmoja, Petrović wa kijiji cha Njeguši. Askofu haoi, sasa anarithiwaje? Anamwachia mtoto wa ndugu yake. Ikaenda hivo zaidi ya miaka 150.

Maarufu kuliko wote ni Petar II Njegoš, 1813 mpaka 1851, askofu, mtawala na mshairi kwa pamoja, jitu refu la kutisha, alileta mtambo wa chapa akaanzisha shule, na meza ya biliadi aliyoibebesha watu milimani toka Kotor ikaipa jina nyumba yake, Biljarda mpaka leo. Mwaka uliofuata kifo chake Waturuki wakashambulia na Cetinje ikaishiwa risasi, wenyeji wakaziyeyusha herufi za ule mtambo wake wakatengeneza nyingine. Kaburi lake liko kilele cha mlima Lovćen, unapanda ngazi 461. Mrithi wake Danilo ndo aliamua anataka kuoa, 1852 akajitangaza mwana wa mfalme wa kawaida na uaskofu ukatenganishwa na utawala.

Yule tapeli aliyejifanya mfalme wa Urusi, ni kweli?

Kweli kabisa na napenda mkiuliza hili. Mwaka 1767 alitokea mgeni anaitwa Šćepan Mali, watu wakaanza kunong'ona kwamba ni Petro wa Tatu, yule mfalme wa Urusi aliyekwisha kufa 1762. Yeye hakukataa. Koo zikamkubali, na askofu wa wakati huo akasukumwa pembeni. Malkia Katerina wa Urusi alikasirika akamtuma mjumbe, Dolgorukov, 1769, aje kumuumbua, akamtia ndani, halafu baada ya kuona hali ilivyo huku juu akamwachia aendelee kutawala, maana kila mtu mwingine alikuwa hafai zaidi. Na jamaa alitawala vizuri, alizima visasi, akaadhibu wezi, akahesabu watu. Mwaka 1773 kinyozi wake, aliyehongwa na Waturuki, akamchinja.

Kwa nini mfalme Nikola anaitwa mkwe wa Ulaya?

Nikola alitawala kuanzia 1860, akapata kutambuliwa uhuru kwenye mkutano wa Berlin tarehe 13 Julai 1878, akajivika taji la ufalme 1910. Nchi masikini lakini mabinti anao. Zorka aliolewa na Petar Karađorđević aliyekuja kuwa mfalme wa Serbia, Elena aliolewa 1896 na aliyekuja kuwa mfalme wa Italia, Milica na Stana waliolewa kwenye ukoo wa kifalme wa Urusi na hao wawili ndo waliomtambulisha Rasputin kwa familia ya mfalme kule Petersburg. Yeye ndo baba mkwe, nyie mnageuza.

Montenegro ndo ilikuwa ya kwanza kutangaza vita dhidi ya Waturuki Oktoba 1912, Vita vya kwanza vya Balkani vikaanzia hapo.

Sasa ilipoteaje 1918 kama ilikuwa upande wa washindi?

Hili ndo jeraha la nchi, na ndo mzizi wa swali la Waserbia huko chini. Vita vya Kwanza walipigana upande wa Serbia, Januari 1916 kule Mojkovac kwenye theluji walilizuia jeshi la Austria ili Waserbia wapate kurudi nyuma salama, halafu wenyewe wakasalimu amri siku chache baadaye na mfalme akakimbilia Italia na Ufaransa. Vita vilipoisha, jeshi la Serbia likiwa tayari limeingia, bunge la dharura likakaa Podgorica na tarehe 26 Novemba 1918 likamvua ufalme Nikola na kuiunganisha nchi na Serbia. Waliounga mkono karatasi zao zilikuwa nyeupe, waliopinga kijani. Januari 1919, sikukuu ya Krismasi ya Kiothodoksi, Kijani wakaasi, wakashindwa, ila vita vya msituni vikaendelea miaka. Nikola alifia Ufaransa 1921, mifupa yake ikarudishwa 1989.

Mpaka leo kuna familia zinazojitambulisha babu alikuwa Mweupe au Kijani.

Na miaka ya 90 walihusika na vita vya Yugoslavia?

Ndio, na wenyewe hawapendi kuongea sana. Ilikuwa jamhuri ndogo kuliko zote sita za Yugoslavia, na zilipoanza kujitoa yenyewe ikabaki na Serbia. Mwaka 1991 askari wa akiba toka Montenegro walishiriki kuushambulia mji wa Dubrovnik wa Kroatia, na Mei 1992 polisi wakawakamata wakimbizi Waislamu wa Bosnia wakawakabidhi kwa jeshi la Waserbia wa Bosnia, wengi wakauawa. Baadaye uongozi uleule ukageuka, 1999 nchi ikapokea wakimbizi kwa maelfu toka Kosovo, na mwaka 2000 rais Milo Đukanović akawaomba radhi Wakroatia. Huyo Đukanović kakaa madarakani, mara waziri mkuu mara rais, toka 1991 na mapumziko mafupi mpaka aliposhindwa na Jakov Milatović uchaguzi wa 2023.

Uhuru wa 2006 ulipatikanaje?

Kwa kura, bila risasi. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwamba lazima asilimia 55 waseme ndiyo, siyo nusu na moja. Tarehe 21 Mei wakapata 55.5. Tofauti ilikuwa kura kama 2,300 tu juu ya kizingiti, yaani mitaa michache ingelala tusingekuwa na ukurasa huu. Tarehe 3 Juni bunge likatangaza.

## Watu

Wamontenegro ni Waserbia au sio?

Kaeni chini. Sensa ya 1948 karibu asilimia 91 walijiandika Wamontenegro, Waserbia hawakufika hata asilimia 2. Sensa ya 2023 Wamontenegro ni asilimia 41, Waserbia 33, Wabosniaki zaidi ya 9, Waalbania karibu 5, na wengine. Hakuna msafara wa Waserbia uliohamia hapo katikati. Watu ni wale wale na watoto wao, kilichobadilika ni jibu.

Sisi tumezoea kuwaza kabila ni kitu unachozaliwa nacho, baba Mnyamwezi nawe Mnyamwezi. Pale haiendi hivo. Unakuta ndugu wa tumbo moja, mmoja kajiandika Mserbia mwingine Mmontenegro, na wote wawili wanaongea sawa, wanasali kanisa moja, wanamsifu Njegoš yule yule, isipokuwa mmoja anaona 1918 ilikuwa kuungana na ndugu na mwingine anaona ilikuwa kunyang'anywa nchi. Ni jibu la kisiasa na la moyo kwa pamoja, na linaweza kubadilika kati ya sensa na sensa. Kwa maoni yangu anayekuja na orodha ya damu na asili hapa anapoteza muda, muulize mtu mwenyewe anajiitaje umwite hivo hivo, na kama mmekaa mezani na pombe ipo bora uulize mambo ya mpira.

Wanaongea lugha gani?

Katiba ya 2007 inasema lugha rasmi ni Kimontenegro. Sensa ya 2023 wengi zaidi, asilimia 43, walisema wanaongea Kiserbia na asilimia 34 hivi Kimontenegro. Mserbia, Mkroatia, Mbosnia na Mmontenegro wanaelewana bila mkalimani, ishu ni ile ile ya swali lililopita. Herufi za Kilatini na za Kisirili zote ni halali. Ulcinj utasikia Kialbania zaidi.

Dini?

Asilimia 71 Waothodoksi, karibu 20 Waislamu, zaidi ya 3 Wakatoliki. Ugomvi hauko kati ya Waislamu na Wakristo, uko ndani ya Othodoksi kwenyewe: Kanisa la Kiserbia ndo lenye makanisa na waumini wengi, na kuna Kanisa la Kimontenegro lililofufuliwa 1993 ambalo makanisa mengine ya Kiothodoksi hayalitambui. Mwisho wa 2019 serikali ilipitisha sheria ya mali za dini, kanisa likaona linanyang'anywa majengo, watu wakaandamana na sanamu za watakatifu kwa miezi, na Agosti 2020 chama cha Đukanović kilichokuwa madarakani toka enzi kikapoteza bunge. Septemba 2021 askofu mkuu mpya wa Kanisa la Kiserbia ilibidi ashushwe Cetinje kwa helikopta maana barabara zilizibwa na matairi yanayowaka.

Kinyume chake nenda Ostrog, monasteri iliyobandikwa kwenye jabali toka karne ya 17. Wanaenda Waothodoksi, Wakatoliki na Waislamu kuomba kwa mtakatifu Vasilije, hakuna anayemuuliza mwenzake.

Ni wavivu kweli?

Huo ni utani wa Yugoslavia nzima na wenyewe wameugeuza mchezo. Kijijini Brezna karibu na Nikšić kuna mashindano ya kulala, ukikaa au kusimama umetoka, mwaka 2023 yalifika siku 50. Kuhusu urefu ndo sio utani, ni miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani, wanaume wastani karibu sentimita 183.

Wanakula nini?

Milimani wana kačamak, unga wa mahindi uliosongwa, mara nyingi na viazi, juu wanaweka jibini na malai mazito ya maziwa. Mla ugali hutapata shida, ila ni zito, ukimaliza unatafuta kitanda. Kuna raštan, majani ya familia moja na sukuma wiki, wao wanaipika na nyama ya kukaushwa kwa moshi. Hiyo nyama mara nyingi ni paja la nguruwe la Njeguši, kwa hiyo Waislamu ulizeni kwanza. Pwani ni samaki, pweza na kome. Kukataa rakija, pombe kali ya matunda, ya mwenyeji kunahitaji sababu nzuri, ya dini au dawa inakubalika.

## Ya pembeni na ya kichokozi

Nimesikia kuna watu weusi wa asili Ulcinj, ni kweli?

Kweli, na ni historia chungu. Ulcinj iliingia mikononi mwa Waturuki 1571 ikawa bandari ya maharamia na mabaharia. Manahodha wake walikuwa wanakwenda Tripoli ya Libya na kurudi na Waafrika walionunuliwa utumwani, wengine watoto, waliovushwa jangwa la Sahara toka kusini. Njia hiyo ni ya jangwani na Mediterania, msiichanganye na ya Kilwa na Zanzibar. Ulcinj wengi walifanywa mabaharia na watumishi, baadaye wakawa huru, wakaoa na kuolewa, wakaongea Kialbania na kuswali na majirani zao, na mji ulipopewa Montenegro 1880 walikuwa bado jamii inayoonekana.

Kidogo kidogo wakachanganyika, wengine wakahama. Aliyejulikana kuliko wote ni Rizo Šurla, mpiga picha wa mji, alizaliwa 1922 akafariki 2003, nusu ya harusi na sherehe za Ulcinj zilipita kwenye kamera yake. Ndani ya ngome ya zamani kuna kiwanja ambacho bado kinaitwa cha watumwa.

Kuna uhusiano mwingine wowote na Afrika?

Kupitia Yugoslavia, ndio. Tito alikuwa mmoja wa waasisi wa nchi zisizofungamana na upande wowote, alifika Tanzania 1970, na mwaka 1984 Titograd ikafunguliwa jumba la sanaa la nchi hizo, na kazi toka Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Mkusanyiko bado upo Podgorica chini ya makumbusho ya sanaa ya kisasa. Uhusiano mwingine ni wa saruji, soma linalofuata.

Ile barabara ya Wachina imewafilisi?

Haijawafilisi ila imewabana. Ni barabara kuu ya kutoka pwani kwenda Serbia. Mkandarasi ni CRBC, kampuni ya China, wale wale waliojenga reli ya Mombasa mpaka Nairobi, na mkopo umetoka benki ile ile ya Exim ya China, dola milioni 944, ulisainiwa 2014. Kipande cha kwanza ni kilomita 41 tu, kimefunguliwa Julai 2022 baada ya kuchelewa, na ukigawa ni miongoni mwa barabara ghali kabisa duniani kwa kilomita, kwa sababu ni madaraja na mahandaki mwanzo mwisho. Utalii ulipokufa na korona 2020 deni la taifa likapita pato la mwaka mzima. Wakafanya mipango na mabenki ya magharibi kupunguza makali ya riba na kubadilisha dola kuwa euro. Barabara yenyewe ni safi sana, hilo waliopita wote wanakubali.

Kama hutaki kulipia barabara panda treni ya Bar kwenda Belgrade, mji mkuu wa Serbia, ilizinduliwa 1976, kilomita 476 na mahandaki 254. Kaa dirishani.

Kwa nini wanatumia euro na hawako Umoja wa Ulaya?

Walijichukulia wenyewe. 1999, kuikimbia dinari ya Belgrade iliyokuwa inaoza, wakaanza kutumia maki ya Ujerumani, na maki ilipokufa 2002 wakahamia euro bila kuomba ruhusa. Hawachapishi noti, wanatumia zinazoingia. NATO waliingia Juni 2017. Umoja wa Ulaya wanajadiliana toka 2012, serikali inasema lengo ni 2028.

Wana wachezaji gani tunaowajua?

Mijatović aliyeipa Real Madrid kombe la Ulaya 1998 kwa bao lake, Savićević wa Milan iliyoichapa Barcelona 4 bila 1994, wote wa Podgorica. Siku hizi Vučević wa mpira wa kikapu Marekani. Ila medali ya kwanza ya Olimpiki waliletewa na wanawake wa mpira wa mikono, fedha, London 2012.

Pasi ya Tanzania au Kenya inahitaji viza?

Inahitaji. Nafuu ni kwamba ukiwa na viza hai ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja), Uingereza au Marekani unaruhusiwa kuingia na kukaa mpaka siku 30, ila hakikisha ubalozini kabla ya kukata tiketi maana masharti hubadilika. Ukifika usajiliwe ndani ya saa 24, hoteli inakufanyia, ukilala kwa rafiki ni juu yenu.

Mtego uko Dubrovnik. Wengi wanatua pale halafu wanachukua basi kwenda Kotor, saa mbili tatu hivi na foleni ya mpakani. Kroatia iko Schengen tangu Januari 2023, Montenegro haiko. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukivuka mpaka umeshaitumia, na tiketi yako ya kurudi iko Dubrovnik. Omba ya kuingia mara nyingi, au urudi kwa ndege ya Tivat au Podgorica isiyopitia nchi za Schengen.